Ukuta Ambao Sikuukandika

Kazi niliyopewa ilikuwa ya mikono tu: udongo, mavi ya ng'ombe, maji kidogo, na muda wa kupaka upande mmoja wa ukuta. Wanawake wa kwetu, huku Tinde, tunakandika nyumba tangu utotoni, na mimi nilikuwa nasifiwa kwa kazi hiyo, kwamba ukuta wangu haupasuki hata kiangazi kiwe kikali vipi. Nikashindwa kazi hiyo hiyo. Sikushindwa kwa ugonjwa wala kwa uvivu. Nilishindwa kwa kupenda sifa, na afadhali ningekuwa mvivu.

Mume wangu alirudi kutoka vita vya Burma akiwa mzima wa viungo. Watu walikuja kumpa pole na hongera kwa pamoja, wakamkagua macho na vidole, wakaondoka wameridhika. Mimi niliyebaki naye ndiye niliyeona. Alikuwa hawezi kuingia ndani ya nyumba. Akifika mlangoni jasho linamtoka, anageuka, anakwenda kulala zizini pamoja na ng'ombe. Chakula nilimpelekea huko huko, naye alikula amesimama. Majirani wakaanza kunitania kwamba nimeolewa na ndama. Nilicheka nao, kisha nikaingia ndani nikalia kwa hasira, maana tulikuwa tumeoana miezi minne tu kabla hajachukuliwa, na sikumngoja miaka yote ile ili nije nile peke yangu.

Mama mkwe akampeleka kwa mganga, nfumu kama tunavyosema kwetu. Alikuwa mtu mkali, hana maneno mengi, aliyezoea kuwatibu wanaume walioua simba. Kwetu mtu aliyeua, au aliyeponea pale mwenzake alipofia, haachwi hivi hivi. Ana dawa zake na miiko yake. Lakini huyu alikiri kwamba vita vya ndege na mizinga hana mizizi yake. Badala ya mizizi akatoa agizo ambalo sikuwa nimelisikia kwa mtu mwingine yeyote. Mume wangu achore kwenye ukuta wa ndani ya nyumba yetu kila kitu kilichomkalia, kimoja kimoja. Akimaliza picha anisimulie mimi, mimi peke yangu, mchana kweupe. Kisha mimi niifunike picha hiyo kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kwa mikono yangu, kabla mwezi mwingine haujaandama, na nisiitaje tena.

"Yeye anatoa, wewe unazika," mganga aliniambia akinikazia macho. "Usipozika, umemwachia maiti ndani ya nyumba."

Picha ya kwanza aliichora mguu mmoja ukiwa ndani na mmoja nje. Alitumia masizi ya chungu, udongo mweupe wa mtoni na ngeu, ule udongo mwekundu. Sikujua kama anaweza kuchora, ila marehemu baba yake alikuwa wa chama cha wacheza nyoka, na watu wale walizijaza kuta za nyumba yao ya mafunzo picha za majoka na binadamu, kwa hiyo mkono ule ulikuwa wa kurithi. Alichora nyumbu wa jeshi waliobeba mizigo kwenye njia ya mlimani, wembamba kama viwavi, na mmoja anaanguka bondeni. Akanisimulia, nikakandika. Mwezi uliofuata alichora Mjapani aliyekufa amekaa chini ya mti, kijiko bado kipo mkononi. Hiyo nayo nikaikandika. Aliyoniambia kuhusu yule Mjapani siyaandiki hapa. Hayo angalau nimeyazika.

Dawa ikafanya kazi. Nasema hivyo na sijali nani ananicheka, maana niliiona kwa macho yangu. Alianza kula ameketi. Akaingia ndani kuchukua jembe, akatoka, akaingia tena. Alipoanza kulalamika kwamba ugali wangu mlaini mno nilijua mume wangu amerudi, nikamjibu vibaya kwa furaha.

Ikabaki picha ya mwisho. Alikaa nayo siku nyingi, na alipoimaliza alinifuata uani nilipokuwa nabangua karanga, akaniambia, "Njoo uone, tumalize."

Ilikuwa picha ya mto. Ulianzia pembe moja ya ukuta ukaishia nyingine, wote kwa ngeu, na maji yalikuwa yanakwenda. Sijui kusema zaidi ya hapo: yalikuwa yanakwenda. Katikati palikuwa na mkono mweupe unaotoka majini, umeshika mkanda mweusi wa kiunoni. Hapakuwa na uso wa mtu yeyote.

Akanisimulia tukiwa tumesimama. Rafiki yake alikuwa Msumbwa wa Ushirombo. Waliandikishwa siku moja pale Kahama, wakagawana blanketi hadi Burma. Walikuwa wanavuka mto juu ya chelezo cha mianzi na turubai, chelezo kikapinduka, na yule rafiki, ambaye hakujua kuogelea, akamshika mkanda kwa nyuma. Wote wawili walikuwa wanazama. "Nikaufungua mkanda," mume wangu alisema. "Haukufunguka wenyewe. Niliufungua kwa mkono wangu huu. Akaenda nao." Alipokuwa anarudi kutoka vitani alipita Ushirombo kwa mama wa yule rafiki, akamwambia mwanawe alikufa kwa homa hospitalini, amelala, amefunikwa shuka safi. Yule mama akamshukuru na kumchinjia kuku. Kuku yule, alisema, hakumezeka.

"Izike leo," akaniambia.

"Kesho," nikasema. "Leo mavi ya ng'ombe hayatoshi."

Yalitosha. Kesho yake nilichanganya udongo, nikasimama mbele ya mto ule na konzi imejaa, na mkono ukakataa. Nilikuwa sijawahi kumiliki kitu kizuri. Sahani zangu zilikuwa za bati zilizobanduka rangi, kanga zangu mbili zilikuwa za kuazimana na wifi. Sasa ndani ya nyumba yangu mlikuwa na kitu ambacho hata nyumba ya mtemi haina, na naambiwa nikipake mavi! Nikajiambia nitakaa nacho siku mbili tatu. Nikakisukuma kihenge cha mtama hadi ukutani, kikauziba ule mkono na sehemu kubwa ya mto, na penye nafasi nikatundika ungo na mikeka.

"Umeizika?" mume wangu aliniuliza mwezi ulipokaribia kwisha. Hakwenda kuangalia. Aliniuliza mimi.

"Nimeizika."

Aliniwekea mkono kichwani, kitendo ambacho wanaume wa kwetu hawakifanyi ovyo. Wiki iliyofuata alikwenda Geita kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu, akaajiriwa kusukuma matoroli ya mawe chini ya ardhi. Mtu aliyeogopa kuingia kwa mkewe sasa alikuwa anashuka shimoni kila siku. Nilijivunia hilo pia, kama vile nimelifanya mimi.

Hakuwa amemaliza miezi miwili huko Geita alipofika kwetu Tinde mwalimu mmoja kwa baiskeli. Mjini Shinyanga, alisema, serikali imejenga nyumba ya makumbusho karibu na baraza, na chumba kikubwa kimetengwa kwa ajili ya picha za vita. Nyingine zimeletwa kwa meli kutoka Ulaya. Lakini bibi wa Kizungu anayesimamia nyumba hiyo anasikitika kwamba picha zote zimechorwa na Wazungu, na askari wetu wanaonekana kwa mbali tu, wamebeba masanduku. Mwalimu alikuwa anazunguka kuuliza kama kuna askari aliyerudi na mchoro wowote, hata wa penseli kwenye karatasi.

Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile hata ulimi sikuuhitaji. Niliinuka, nikasukuma kihenge.

Mwalimu alivua kofia. Naikumbuka ile kofia kuliko maneno yake. Alisema, "Mama, hii haina mwenzake." Mama mkwe alikuwa shambani. Angekuwepo angenishika mkono, nami ningekuwa mtu mwingine leo.

Baada ya siku tatu alirudi na yule bibi wa Kizungu ndani ya lori, na mafundi, na mbao, na magunia ya pamba. Yule bibi aliomba kiti, nikadhani ni chake, kumbe anataka nikae mimi. Yeye akakaa juu ya mkeka. Katika maisha yangu yote hakuna mtu mwenye viatu aliyewahi kunipa mimi kiti naye akakaa chini. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika picha inasema nini, na mwalimu akafungua daftari.

Nikasema yote. Ushirombo, chelezo, mkanda, kuku asiyemezeka. Nilisema vizuri pia, nikapandisha sauti panapostahili na kuishusha panapostahili, na mwalimu aliandika mbio mbio hadi penseli ikavunjika. Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema wahenga. Mimi nilikuwa kata iliyokwenda kujimwaga barabarani. Nikiwa nasema nilijua kabisa ninachokifanya. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Ningekuwa mjinga ningejisamehe.

Wakauzungushia ukuta fremu ya mbao, wakazikata fito kwa msumeno, wakauchukua mto wote wakaulaza juu ya pamba. Nyumba ikabaki na shimo ambalo mbuzi walichungulia. Mama mkwe aliporudi aliliona, akakaa chini palepale na mzigo wake wa kuni kichwani. Hakunitukana. Alisema tu, "Mayu wee," kama mtu aliyefiwa, na hakula nyumbani kwangu siku nyingi. Mimi niliziba shimo kwa fito mpya na kulikandika hadi likalingana na pengine. Mikono yangu ilifanya kazi nzuri siku hiyo.

Siku ya ufunguzi nilikaa mbele. Nilivaa kanga mpya, doti nzima, zawadi ya yule bibi. Watemi walikuja na majoho yao, na tarumbeta zikapigwa. Ndani ya kile chumba kuta zilikuwa nyeupe kuliko maziwa, na picha za Ulaya zimetundikwa kwa mistari: ndege zinaungua, meli zinazama, mabwana wenye masharubu wanaangalia ramani. Katika moja palikuwa na askari weusi wamesimama foleni, na wote walikuwa na uso mmoja, kana kwamba mchoraji alichoka baada ya wa kwanza. Watu walipita mbele ya hizo wakitikisa kichwa kwa adabu. Kwenye ukuta wa mume wangu walisimama, na waliokuja nyuma hawakupata pa kupita.

Chini yake palibandikwa karatasi. Kwa kuwa wengi hatukujua kusoma, mwalimu alisimama akaisoma kwa sauti. Jina la mume wangu halikuwemo. Nilikuwa nimeomba lisiwekwe, nikajiona nina busara. Ilisema tu kwamba askari mmoja wa Tinde amechora jinsi alivyofungua mkanda wake mtoni, akamwacha rafiki yake, mtu wa Ushirombo, azame, na jinsi alivyomdanganya mama wa marehemu kwamba ni homa.

Serikali ilikuwa imewaalika wazazi wa wale ambao hawakurudi. Sikujua. Au tuseme niliambiwa, na sikulifikiria, kwa sababu nilikuwa nafikiria kanga. Walikuwa wameletwa kwa malori kutoka pande zote, Kahama, Kagongwa, hadi huko Usumbwa, wakakalishwa kwenye mabenchi ya nyuma.

Mama mmoja akaja mbele taratibu. Hakuwa mzee sana. Alikuwa mnene, amejifunga kitambaa cheusi kichwani, na watu walimpisha bila kujua kwa nini. Aliuangalia ule mkono mweupe. Akamwomba mwalimu asome tena. Mwalimu akasoma tena, safari hii kwa sauti ya chini, nadhani alikwishaanza kuelewa. Yule mama akarudi nyuma hatua mbili, akakaa kwenye kiti kitupu kilichokuwa karibu nami.

"Shikamoo mama," nikasema, maana mdomo ulikuwa umezoea.

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa anahema. "Wewe ni wa hapa?"

"Wa Tinde, mama."

"Alikuja kijana mmoja wa Tinde kwangu. Nilimchinjia kuku." Alikunja ncha ya kitambaa chake. "Aliniambia mwanangu alikufa amelala. Nimelala usingizi kwa maneno yale tangu siku ile. Aliyechora hapa unamfahamu?"

Nilikuwa naweza kusema namfahamu, ni mume wangu, alikudanganya kwa kukuhurumia, na aliyekuumiza leo si yeye, ni mimi. Maneno hayo yote nilikuwa nayo. Mimi siishiwi maneno.

"Simfahamu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Alikaa pale mpaka walipokuja kumwita kwenye lori, akanyanyuka kwa kushika bega langu.

Habari ilimfikia mume wangu shimoni Geita. Mchimbaji mwenzake aliyetoka likizo Shinyanga alikuwa anawasimulia wengine kama kituko, na hakujua anamsimulia nani. Mume wangu aliacha kazi siku hiyo hiyo. Alipoingia nyumbani sikumsikia. Nilimkuta amesimama mbele ya ukuta nilioukandika upya, amegusa kwa kiganja pale ambapo udongo ulikuwa na rangi changa kuliko mwingine.

"Yule mama alikuwepo?" akaniuliza. Hakuanza na lingine lolote.

"Alikuwepo."

"Ukamwambia nini?"

Nikamwambia nilichosema. Akacheka kidogo, kicheko kikavu, na nilitamani angenipiga. Nilipiga magoti nikamshika miguu, nikamwambia nitaufuata ukuta ule hata kwa miguu, nitauzika mbele ya watemi na Wazungu wote. Akaniinua kwa mikono miwili kama anavyoinuliwa mgonjwa. Asubuhi alipanda lori la magunia kwenda Ushirombo.

Mimi nikatimiza niliyoyasema. Nilijaza chungu udongo na mavi ya ng'ombe, nikakibeba kichwani hadi Shinyanga. Mlinzi akaniambia chungu kibaki nje kwa sababu kinanuka. Nilipoingia nikakuta darasa zima la watoto wa shule limekaa sakafuni, na mwalimu anawaeleza picha ya mto kwa maneno yangu, anapandisha sauti pale pale nilipopandisha mimi na kuishusha nilipoishusha. Ukuta ulikuwa unang'aa. Waliupaka mafuta ya kukaushia rangi ili mto ule usififie hata baada ya miaka mia. Nilimvuta mwalimu pembeni, nikamwomba aniruhusu niufunike, nikamweleza mwiko wote tangu mwanzo.

"Mama," akasema kwa upole, "ungeniambia hivi siku ile nisingegusa hata fito moja. Sasa si mali yako tena, wala ya mumeo. Ni ya watu wote." Alikuwa na haki. Nje nilimwaga udongo wangu chini ya ukuta wa serikali, nikarudi na chungu kitupu.

Mume wangu alikaa Ushirombo siku sita. Aliporudi alikuwa na kifurushi cha karanga, akakiweka jikoni, akaomba maji ya kuoga. Sikuweza kungoja. Nikamuuliza, "Yule mama alisemaje?"

"Hajambo," akasema.

Nikangoja. Nikauliza tena kesho yake, na baada ya mavuno, na nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza nikadhani labda sasa. "Hajambo," au, "Anasalimu." Alikwenda kumwona kila mwaka hadi yule mama alipofariki, akamzika kama vile yeye ndiye mwanawe. Walichoambiana sikijui mpaka leo.

Hakunifukuza. Ndugu zake walimshauri aoe mke wa pili, akakataa. Alinijengea nyumba ya bati yenye sakafu ya saruji, nyumba isiyohitaji mkono wa mwanamke kuikandika. Alicheka na wanangu, alilalamikia ugali wangu, na watu walinionea wivu kwa mume mpole. Lakini hakuniambia tena jambo lolote lake. Nilijaribu kununua siri hata ndogo. Nilimweleza za kwangu, nikatunga na nyingine, naye alinisikiliza kwa adabu ile ile aliyowasikiliza nayo wageni.

Alipoanza kukonda nilidhani ni uzee. Aliyenifungua macho ni jirani, mke wa muuza ng'ombe, tulipokutana kisimani. Alinishika mkono akanipa pole kwa ugonjwa wa mume wangu, kwamba anatapika damu tangu masika, kama mwenyewe alivyomwambia muuza ng'ombe, na nikawa naitikia, "Asante, ndugu yangu, tumeshapoa," kama mtu anayejua.